Je, Wajua? Nani Anailipa Redio ya Dzaleka

Je, wajua kwamba redio ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi, ina jina la Kiswahili? Inaitwa Yetu. Haikupewa jina la shirika wala la mfadhili. Ilipewa neno ambalo mtu wa Uvira, wa Rumonge au wa Kigoma halihitajii mkalimani. Kambi iko wilaya ya Dowa, kilomita arobaini na kitu kutoka Lilongwe, na redio hiyo inawahudumia wakimbizi pamoja na vijiji vya Wachewa vinavyowazunguka. Jina hilo ndilo lililonisukuma kuandika safu ya leo. Kitu tukikiita chetu, bili yake ya umeme inakwenda kwa nani?

Je, wajua kwamba Mchinji, karibu na mpaka wa Zambia, kuna redio ya jamii iitwayo Mudzi Wathu? Ni Kichewa cha "kijiji chetu". Wazo ni lile lile, na bili ni ile ile.

Je, wajua kwamba Dzaleka ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa kabla ya kuwa kambi? Enzi za Rais Kamuzu Banda, watu walioonekana kumpinga walifungiwa huko bila kesi. Ndani ya jina lenyewe mna kitenzi cha Kichewa "kuleka", yaani kuacha: anayetoka humo ameapa kuacha. Banda aliondoka madarakani mwaka 1994, na mwaka huo huo mahali hapo pakaanza kupokea wakimbizi wa Rwanda, Burundi na Kongo. Panapotajwa uhuru wa habari, mimi huanza na picha hiyo: palipojengwa ili watu wanyamaze, leo pana studio na maikrofoni.

Je, wajua kwamba kambi hiyo ilipangiwa watu 10,000 hadi 12,000, na sasa ina zaidi ya 50,000? Kwa mgao wa chakula, maji na vyoo, huo ni msiba. Kwa mtu wa redio, ni hadhira: watu 50,000 waliobanana mahali ambapo mtambo mdogo unawafikia wote, na sokoni wanapatana bei kwa lugha moja, Kiswahili. Ugumu hauko katika kuwapata wasikilizaji. Uko mifukoni mwao, na nitaufikia.

Je, wajua kwamba Kiswahili hakikuingia Malawi na wakimbizi? Miaka ya 1840 mfanyabiashara wa pwani, Salim bin Abdallah, aliweka makao Nkhotakota, kando ya Ziwa Nyasa, akawa Jumbe wa kwanza wa hapo. Biashara yake ilikuwa pembe za ndovu na, kwa uchungu wa watu wengi, watumwa. Kaskazini zaidi, Karonga, mfanyabiashara mwingine, Mlozi, alipigana na Waingereza hadi walipomnyonga mwaka 1895. Historia hiyo si ya kujivunia yote, lakini inaonyesha kwamba lugha hii ilikuwa inasikika ziwani humo kabla nchi haijaitwa Malawi.

Je, wajua kwamba Kiswahili kimekuwa bidhaa huko sasa? Agosti 2019 jumuiya ya SADC ilikifanya lugha yake rasmi ya nne. Julai 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipokuwa mgeni katika sherehe za uhuru wa Malawi, zilizungumzwa habari za kukifundisha Kiswahili katika shule za huko. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam huingia Malawi kupitia Kasumulu na kushuka hadi Lilongwe, na madereva wake wanataka kujua mafuta yanapatikana wapi, barabara ipi imekatika, chumba cha kulala ni bei gani. Redio yenye Kiswahili fasaha mkoa ule ina cha kumuuzia mwenye gereji, mwenye gesti na mwenye kampuni ya simu. Sijaona watu wa redio wakilijadili soko hilo kwa uzito linaostahili.

Je, wajua redio inakula nini? Tuanze na umeme. Mtambo wa FM hauna mapumziko. Umeme ukikatika, redio inakunywa dizeli ya jenereta, au betri za sola ambazo baada ya miaka michache huchoka na kudai nyingine. Kuna leseni na ada ya masafa. Kuna vipuri, ambavyo haviuzwi sokoni Dowa. Kuna nauli ya mtangazaji, sabuni ya mtangazaji, na unga wa nyumbani kwa mtangazaji. Hicho cha mwisho ndicho mashirika husahau, kwa kuwa katika karatasi zao mtangazaji huitwa "anayejitolea". Kijana hujitolea mwaka wa kwanza kwa moyo wote. Mwaka wa tatu ana mtoto.

Je, wajua kwamba mvua ya Chikwawa inaweza kuizima redio ya Dowa? Januari 2022 dhoruba Ana iliharibu mitambo ya umeme ya Kapichira, huko Chikwawa, kwenye mto Shire, na nchi ikapoteza karibu theluthi ya umeme wake wa maji. Kwa redio ndogo, kila saa ya giza maana yake ni dizeli.

Je, wajua kwamba tarehe 9 Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha hadi bei ya dola ikapanda kwa asilimia 44? Dola moja iliyokuwa kwacha 1,180 ikawa 1,700. Mhasibu wa kituo aliyekuwa ameweka akiba ya kununulia kifaa cha mtambo kutoka nje alilala akiwa na pesa za kifaa kizima, akaamka zikiwa za kifaa kisichotimia. Hakuiba, hakula, hakukosea hesabu.

Tuje kwa wanaolipa.

Je, wajua kwamba serikali inaweza kulinyonga gazeti bila kumkamata mwandishi hata mmoja? Mwaka 2010 idara za serikali ya Malawi ziliagizwa zisitishe matangazo yao katika magazeti ya Nation, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1993 na mwanasiasa Aleke Banda. Uganda ilitangulia: mwaka 1993 serikali iliamua matangazo yake yasiende The Monitor, gazeti changa la waandishi waliotoka Weekly Topic wakaamua kujitegemea. Monitor halikufa. Lilibaki na wanunuzi wa nakala moja moja, na hao hakuna waraka wa wizara unaoweza kuwaagiza waache.

Je, wajua kwamba ada nayo ni mkasi? Mwaka 2022 MACRA, mamlaka ya mawasiliano ya Malawi, ilifuta leseni za vituo kadhaa vya redio na televisheni kwa malimbikizo ya ada. MISA Malawi, chama cha kutetea uhuru wa vyombo vya habari, kililalamika. Deni ni deni, sibishi. Lakini kituo kikizimwa kwa deni kimezimwa pia cha kulilipia deni hilo, na wasikilizaji wake wamepoteza sauti kwa kosa la daftari la hesabu.

Je, wajua kwamba mfadhili mkubwa naye huweza kuondoka usiku mmoja? Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Shirika la Waandishi Wasio na Mipaka lilitoa hesabu ya kilichokuwa kimetengwa kwa vyombo huru vya habari mwaka huo: zaidi ya dola milioni 268. Kuanzia Ukraine hadi Afrika, vyumba vya habari vilipokea barua pepe moja yenye maana moja.

Je, wajua hadithi ya mbayuwayu wa Bukavu? Mwaka 1994, mwaka ule ule Dzaleka ilipoanza kupokea wakimbizi, waandishi wa Uswisi waliounda Fondation Hirondelle walifungua Bukavu redio iitwayo Agatashya, neno la Kinyarwanda la ndege huyo. Ilikuwa ya watu waliotawanywa na mauaji ya kimbari, ikiwapa habari za ndugu, za kipindupindu na za njia salama baada ya redio za chuki kuwapa sumu. Ilinyamaza mwaka 1996 vita vilipoingia mjini. Kwa miaka miwili hiyo msikilizaji hakutozwa chochote, wala hakukuwa na njia ya kumtoza. Sisemi ilikuwa kosa. Mtu anayekimbia hatozwi ada ya habari. Nasema Dzaleka imeshapita miaka 30, na watu wa miaka 30 hawawezi kuhudumiwa kama watu wa miezi miwili.

Je, wajua kwamba wapo Warundi waliopoteza redio zao kwa usiku mmoja? Katikati ya Mei 2015, jaribio la mapinduzi liliposhindwa Bujumbura, vituo vya RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance vilishambuliwa na kunyamazishwa. Waandishi walikimbilia Kigali na kutangaza kwa intaneti, sauti zikisafiri ndani ya simu. Machi 2021 Rwanda nayo iliwataka waliokuwa bado wanatangaza kutoka huko waache. Kijana wa Kirundi anayekaa mbele ya maikrofoni ugenini anajua kitu ambacho semina haifundishi: uhuru wa redio una mwenye nyumba, na mwenye nyumba ana majirani.

Je, wajua "coupage" ni nini? Muulize mwandishi yeyote wa Kinshasa au Bukavu. Ni pesa anayopewa na mwenye hafla ili habari itoke. Tanzania na Kenya huitwa bahasha. Kwingine hupewa jina la heshima, nauli au posho. Wengi huwalaumu waandishi, na lawama wanastahili. Ila mwajiri asiyelipa mshahara ndiye aliyeifungua bahasha ya kwanza. Chombo kisicho na kipato chake hakina mwandishi wake. Kina mwandishi wa yeyote atakayekuja na gari.

Sasa wanaojikimu.

Je, wajua kwamba Radio Maria haitangazi biashara yoyote? Ya Tanzania ilianza Songea mwaka 1996, ya Malawi ikaanza Mangochi mwaka 1999. Huishi kwa michango ya wasikilizaji, ikiwa na kampeni ya kila mwaka iitwayo Mariathoni, na kwa watu wanaojitolea. Bibi wa kijijini hutuma shilingi au kwacha chache kwa simu, na jina lake husomwa. Utasema hiyo ni imani, siyo biashara. Ni kweli. Lakini inavunja ule usemi kwamba maskini hawezi kulipia redio. Maskini hulipia kile anachokiona ni chake.

Je, wajua kwamba pembeni kidogo ya Lilongwe, ng'ambo ya mpaka, iko redio iliyoamua kuishi kwa kuuza? Ni Breeze FM ya Chipata, Zambia, iliyoanzishwa mwaka 2003 na Mike Daka, mtu aliyekuwa amefundisha uandishi wa habari. Hutangaza kwa Chinyanja, ambayo ni Kichewa kwa jina lingine. Huuza matangazo ya maduka, udhamini wa vipindi, na matangazo madogo ya watu wa kawaida. Nyota yake alikuwa mzee mwalimu mstaafu aliyejulikana kama Gogo Breeze, babu wa hewani, aliyejibu barua za wasikilizaji kuhusu wakwe, mishahara na mabosi wabaya. Mwanaanthropolojia Harri Englund alimwandikia kitabu kizima mwaka 2018. Watu walimsikiliza babu, na wenye maduka wakawafuata watu. Hiyo ndiyo hesabu nzima, na haikuanzia kwenye hesabu. Ilianzia kwenye kuwajibu watu maswali yao.

 

Je, wajua kwamba kuna anayekopesha vyombo vya habari badala ya kuvipa sadaka? Mwaka 1995 Saša Vučinić, aliyekuwa kiongozi wa redio B92 ya Belgrade, alisaidia kuanzisha mfuko ambao leo unaitwa MDIF. Hutoa mikopo nafuu na kununua hisa katika vyombo huru mahali ambapo benki hazivigusi. Alikuwa ameona kwao kwamba redio jasiri hufa kwa kukosa pesa kama inavyokufa kwa kukosa leseni. Mkopo humlazimisha mhariri kujua gharama ya saa moja ya matangazo. Msaada haumuulizi. Kwa redio ya kambi mkopo wa aina hiyo bado ni mkubwa mno, lakini swali lile linaweza kuulizwa kesho asubuhi kwa kalamu na daftari: saa moja inatugharimu kiasi gani?

Je, wajua mpamba ni nini? Kwa Kichewa ni mtaji. Ndilo jina ambalo kampuni ya simu ya TNM ililipa huduma yake ya pesa. Sokoni, mtu husema ana mpamba au hana, basi; na redio nayo ni hivyo hivyo.

Na kadi ya salamu, mpamba mdogo wa redio, unaikumbuka? Waliokulia Tanzania na Kenya enzi za redio ya taifa hawahitaji kuelezwa. Unainunua dukani au kituoni, kipande cha karatasi ngumu chenye mistari. Mstari wa kwanza jina lako na ulipo. Kisha orodha: mama mkwe Kasulu, shemeji Tabora, "na wote wanaonifahamu". Chini, ujumbe na wimbo. Mtangazaji huzisoma kadi kama anayegawa karanga, kila mtu kiganja chake, na aliyetajwa hubaki mlangoni na redio mkononi akisubiri jina lirudiwe. Mashariki ya Kongo vituo vya mitaa huuza dedikasi kwa namna hiyo hiyo. Hakuna mfadhili aliyewahi kuibuni kadi ya salamu. Watu walikuwa tayari kulipa ili kusikia jina la mtu wao likitamkwa hadharani. Kambini, ambako nusu ya familia iko Dzaleka na nusu imebaki Fizi au imeshahamishiwa nchi ya tatu, thamani ya jina kutamkwa ni kubwa kuliko ilivyokuwa Kasulu.

Tupige hesabu, ya mfano tu. Kaya 2,000 zikinunua kadi moja ya kwacha 200 kwa mwezi, zinapatikana kwacha 400,000. Kwa bei rasmi ya kwacha 1,700 na ushei kwa dola, ni kama dola 230. Haziajiri chumba cha habari. Zinanunua dizeli, na anayenunua dizeli yake hapigi simu Lilongwe kuomba ruhusa ya kutangaza kwamba mgao umepungua.

Je, wajua kwamba kusikiliza kwenyewe ni bure hata kwa asiye na bando? Simu ndogo ya tochi ina FM ndani yake, na waya wa visikizi ndio antena. Ndiyo maana utamwona kinyozi amening'iniza visikizi msumarini wakati sauti inatoka kwenye spika ya simu: waya haumo masikioni, uko kazini. Intaneti ikipanda bei, redio haipandi.

Je, wajua kuhusu KANERE? Desemba 2008, katika kambi ya Kakuma nchini Kenya, wakimbizi walianzisha gazeti lao huru, Kakuma News Reflector. Waliandika yaliyowaumiza, yakiwemo ya wasimamizi wa kambi. Miaka yote hangaiko lao limekuwa ni usajili na fedha. Mkimbizi mwandishi humwandika anayempa chakula, na hakuna mhariri wa mjini, si Nairobi wala Lilongwe, anayefanya kazi katika hali kama hiyo. Nawaheshimu sana.

Na huu ndio mfuko niliosema nitaufikia. Je, wajua kwamba Malawi iliporidhia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka pingamizi katika vifungu vingi, vikiwemo vya ajira, mali na uhuru wa kwenda utakako? Sheria ya wakimbizi ni ya mwaka 1989, na sera ni kukaa kambini. Hata hivyo watu waliishi na kufanya biashara Lilongwe na miji mingine kwa miaka mingi: vioski, saluni, maduka ya jumla. Machi 2023 serikali ikaagiza wote warudi Dzaleka ifikapo 15 Aprili. Mei, polisi waliingia mitaani. Mamia walikamatwa Lilongwe, watoto wakiwemo, na wengine walipitia gereza la Maula kabla ya kufikishwa kambini. Shirika la chakula la WFP nalo limelazimika kupunguza mgao mara kadhaa kwa upungufu wa fedha.

Soma hilo kama mtu wa mauzo wa redio. Mwenye duka aliyefungiwa Lilongwe hana cha kutangaza. Mteja wake aliyepunguziwa mgao hana cha kununua. Semina za "uendelevu wa vyombo vya habari" hufundisha kupanga bei za matangazo, na ni elimu nzuri, lakini mahali ambapo msikilizaji haruhusiwi kuajiriwa wala kufungua duka mjini, anayeipigania sheria ibadilike anaifanyia redio kazi kubwa kuliko anayeiletea kompyuta mpya.

Je, wajua kwamba kuna siku barabara hiyo ya kutoka Lilongwe hadi Dzaleka hubadilika sura? Mwaka 2014 mshairi Mkongomani aliyekuwa mkimbizi hapo, Trésor Nzengu Mpauni, anayejulikana kwa jina la kisanii Menes la Plume, alianzisha Tamasha la Tumaini ndani ya kambi. Kiingilio ni bure. Kila mwaka, kwa kawaida Novemba, maelfu hutoka Lilongwe na kwingineko, hushuka njia panda ya Dowa na kuingia Dzaleka kwa hiari yao. Wengine hulala katika nyumba za wakimbizi na kuwalipa wenyeji wao. Chapati huisha mapema, na vibanda vya kuchajia simu hujaa waya. Ningekuwa na usemi Yetu, siku hizo ningeweka meza chini ya mti karibu na jukwaa, boksi la kadi za salamu, kalamu kumi zilizofungwa kamba, na binti mmoja mwenye sauti nzuri wa kuzisoma pale pale.